Jimi Hendrix: Gitaa lililopinduliwa na sauti isiyouzwa dukani

Mwaka jana nilipoteza wikendi tatu nzima nikitafuta sauti ya mtu aliyekufa 1970.

Nilikuwa na gitaa la mtumba, laptopu yenye programu ya kuiga amplifaya na hedifoni zenye waya niliokuwa nimeufunga kwa selotepu. Nilitaka kitu kimoja tu: ile sauti ya gitaa la Jimi Hendrix kwenye Purple Haze. Sauti nzito, yenye vumbi, lakini inaongea kama mtu. Nilichopata ni mbu. Mbu mwenye hasira aliyefungiwa ndani ya mkebe.

Basi nikafanya kile ambacho kila msee hufanya akishindwa. Nikaanza kuhesabu vitu ambavyo sina. Sina pedali ile. Sina amplifaya ile. Ningekuwa na doo, saa hii ningekuwa mbali.

Nikaamua kusoma maisha ya huyu jamaa ili nijue alitumia nini hasa. Manze, aibu ilinishika. Karibu kila kitu kilichoijenga sauti hiyo kilianza kama kasoro au upungufu.

Ufagio, halafu uzi mmoja

Alizaliwa Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942, akaitwa Johnny Allen Hendrix. Baba yake, Al, alikuwa jeshini wakati huo wa vita. Mwaka wa 1946, baba akiwa amesharudi, mtoto akabadilishwa jina na kuwa James Marshall Hendrix. Lishike hilo jina la katikati, tutalirudia.

Nyumbani hakukuwa shwari. Wazazi walikunywa, wakagombana, hatimaye wakaachana. Watoto wakawa wa kutupwa huku na kule kwa jamaa na marafiki. Mama yake, Lucille, alifariki 1958. Jimi alikuwa na miaka 15.

Kabla ya gitaa kulikuwa na ufagio. Shuleni walimwona akitembea nao na kuukwaruza kana kwamba una nyuzi. Mfanyakazi mmoja wa huduma za jamii alijaribu kuomba pesa za kumnunulia gitaa la kweli, lakini hazikupatikana.

Mwaka wa 1957, akimsaidia babake kuondoa takataka katika nyumba moja, aliokota ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Hicho kilikuwa kimebaki na uzi mmoja. Akakaa nacho, akawa anafuata nyimbo za redio kwa sikio, noti moja baada ya nyingine. Uzi mmoja, bana. Wewe na mimi tungekitupa.

Gitaa lake la kwanza, la mbao lisilo la umeme, lilipatikana 1958 kwa dola 5. Mwaka uliofuata babake akamnunulia la umeme aina ya Supro. Hata hilo halikukaa. Aliliacha nyuma ya jukwaa usiku mmoja, likaibwa.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Jimi alikuwa wa mashoto, na magitaa ya mashoto hayakuwa rahisi kupata. Kwa hivyo alichukua gitaa la watu wa mkono wa kulia, akalipindua juu chini, akatoa nyuzi zote na kuzipanga upya ili uzi mnene ukae juu. Akazoea hivyo, na akabaki hivyo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Tutaona ilifanya nini kwa sauti.

Bendi yake ya kwanza ilimfukuza usiku huohuo wa onyesho la kwanza. Kosa? Kujionyesha sana.

Miaka ya kukaa nyuma

Shule ya upili hakuimaliza. Najua vile baadhi yetu tunavyopenda sehemu hii ya hadithi. Mimi pia niliacha chuo, na nimewahi kumtumia Hendrix kama kinga mbele ya mama yangu. Lakini subiri uone kilichofuata.

Mwaka wa 1961 alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi. Akapewa chaguo: jela au jeshi. Akaingia jeshi, akapelekwa Fort Campbell, Kentucky, katika kikosi cha 101 cha wanajeshi wa kuruka kwa parachuti. Alikuwa askari mbovu. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye gitaa, ambalo alikuwa amemwandikia babake amtumie. Huko ndiko alikokutana na Billy Cox, mpiga besi ambaye wangekuja kupiga pamoja miaka mingi baadaye. Kufikia katikati ya 1962 jeshi lilikuwa limemwachilia.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Kwa miaka mitatu na zaidi alizunguka kumbi za watu weusi, hasa kusini mwa Marekani, akipiga gitaa nyuma ya wengine. Alipigia Isley Brothers. Alipigia Little Richard, wakakosana kwa sababu ya mavazi yake na kuchelewa kwake. Kazi ya mpiga gitaa wa nyuma ilikuwa kushika mdundo, kuvaa sare na kutomfunika bosi. Alilala na njaa. Aliweka gitaa rehani. Lakini kila usiku mkono wake ulikuwa kazini.

Kwa hivyo ukitaka kusema Hendrix aliacha shule, ongeza na hiyo nusu ya pili. Aliacha darasa, akaingia katika mafunzo magumu zaidi, bila cheti na bila likizo.

Ndani ya miaka hiyo alifanya kosa moja ambalo kila msanii chipukizi anayesoma hapa afaa kulikariri. Oktoba 1965, akiwa New York bila chochote mfukoni, alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na prodyusa Ed Chalpin. Alipewa dola 1 na ahadi ya asilimia 1 ya mapato ya rekodi. Karatasi hiyo ingemfuata mpaka alipokuwa nyota.

Londoni inazimika

Mwaka wa 1966 alikuwa akipiga katika Cafe Wha?, mkahawa mdogo wa Greenwich Village, New York. Linda Keith, mwanamitindo Mwingereza, alimsikia akipiga jijini humo na akakataa kunyamaza hadi watu wa muziki waje wamsikie. Aliyeelewa ni Chas Chandler, mpiga besi wa bendi ya The Animals aliyekuwa anataka kuacha kupiga na kuanza kusimamia wasanii.

Septemba 24, 1966, Jimi alitua London. Wiki moja tu baadaye, Oktoba 1, alipanda jukwaani na Cream, bendi ya Eric Clapton, ambaye vijana wa London walikuwa wanamwona kama mungu wa gitaa. Jimi akapiga wimbo wa Howlin' Wolf kwa kasi ya ajabu, na Clapton akabaki ameduwaa.

Chandler akamtafutia wenzake wawili: Noel Redding kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye ngoma. Ikawa Jimi Hendrix Experience.

Hapa ndipo lile jina la katikati linaporudi. Mitchell alikuwa amefunzwa ngoma na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya muziki magharibi mwa London. Mzee huyo aliitwa Jim Marshall, na alikuwa ameanza kutengeneza amplifaya. James Marshall Hendrix akapelekwa kwa Jim Marshall. Mzee alidhani ni kijana mwingine tu wa kuomba vya bure. Jimi akamwambia atalipa bei kamili, anachotaka ni vifaa na mafundi wa kuvitengeneza popote atakapokuwa.

Sauti ilitengenezwaje?

Sasa tuingie jikoni.

Anza na gitaa. Lilikuwa Fender Stratocaster. Chini ya nyuzi zake kuna pikapu tatu, na sizungumzii lile gari la kubeba mizigo. Ni vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba, na kazi yake ni kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Pikapu ya nyuma kabisa huwekwa kwa mshazari, ili nyuzi nyembamba zitoe sauti kali na nyuzi nene zitoe sauti ya duara.

Ukilipindua gitaa, mshazari nao unapinduka. Nyuzi nene zikawa na makali na nyembamba zikawa laini kidogo. Ndiyo maana noti zake za juu haziumizi masikio hata zikiwa na fujo. Kijana maskini aligeuza gitaa kwa sababu ya mkono wake, na gitaa likamlipa kwa sauti ambayo kiwanda hakikuipanga.

Mara nyingi pia alilegeza nyuzi zote kwa nusu toni. Uzi uliolegea unavutika vizuri kwa kidole na sauti inakuwa nzito zaidi.

Pili ni kile kipedali cha duara kiitwacho Fuzz Face, kilichoanza kuuzwa London 1966. Ndani kuna vitu vichache sana, na moyo wake ni transista 2. Kazi yake ni kuchukua sauti safi ya gitaa na kuikuza hadi ikatike kingo, yaani ule mkwaruzo tunaouita fazi. Transista za mwanzo zilikuwa za germani, na hizo zina tabia ya ajabu: joto likibadilika, nazo hubadilika. Pedali mbili za duka moja zinaweza kusikika tofauti. Kifaa cha kukutesa, kwa ufupi.

Lakini Jimi aliijua siri yake. Fazi iliachwa juu kabisa, halafu yeye akacheza na kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa. Ukikipunguza kidogo, fazi inajisafisha na unapata sauti tamu ya kengele. Ukikifungua, moto unarudi. Hakuhitaji kubadilisha pedali katikati ya wimbo. Kidole kimoja kilitosha.

Tatu ni mtu, na anaitwa Roger Mayer. Mwingereza huyu alikuwa amefanya kazi ya utafiti wa sauti na mitikisiko kwa jeshi la majini la Uingereza. Alimtengenezea Jimi kifaa kilichoitwa Octavia, kinachoongeza noti nyingine juu ya ile unayopiga, ya oktavu moja zaidi. Ile solo ya Purple Haze, wimbo uliotoka Machi 1967, ndiyo hiyo. Kwa hivyo yule mbu wangu wa kwenye mkebe alikuwa na sababu: nilikuwa ninatafuta vumbi bila kujua kuna noti ya pili imefichwa ndani yake.

Ongeza pedali ya wawa, unayoibonyeza kwa mguu ikafungua na kufunga sauti kama mdomo.

Mwisho kabisa ni Marshall yenyewe. Wati 100, valvu za kioo zinazowaka ndani na makabati mawili yaliyobebana, kila moja likiwa na spika 4 za inchi 12. Valvu zikisukumwa hadi mwisho hulemewa, na kulemewa huko ndiko kunakoleta unene. Mafundi wa zamani walikuona kama hitilafu ya kukwepwa. Yeye alikutafuta.

Na kwa sauti kubwa namna hiyo, gitaa linaanza kusikia spika na spika inasikia gitaa. Unajua ule mlio wa kiii kanisani pale mtu anapopita na maikrofoni mbele ya spika na kila mtu anaziba masikio? Ndio huo huo. Fidibeki. Jimi alijifunza asimame wapi, ageuze gitaa upande gani, ili mlio huo uwe noti anayoitaka na ukae hewani kadiri anavyopenda.

Ukihesabu vizuri, utaona gitaa limekaa vibaya, transista zinayumba na joto, amplifaya imelemewa na kuna mlio ambao mafundi wote wanaukimbia. Kasoro nne, na mtu mmoja aliyezisikiliza mpaka zikamtii.

Bendera, bunduki na deni

Juni 18, 1967, katika tamasha la Monterey, California, alilichoma gitaa jukwaani na Marekani ikagundua mtoto wake aliyekuwa amesifiwa ng'ambo kwanza. Albamu tatu zilitoka ndani ya miezi 18 hivi: Are You Experienced, Axis: Bold as Love na Electric Ladyland. Aliyekaa naye studio mara nyingi kwenye mitambo ni Eddie Kramer, fundi aliyezaliwa Cape Town, Afrika Kusini.

Halafu Woodstock. Alipangiwa kufunga tamasha, lakini ratiba ikachelewa mpaka akapanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu, Agosti 18, 1969. Watu wengi walikuwa wameshaenda nyumbani. Waliobaki, wakiwa na matope na usingizi, walimsikia akipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa peke yake. Katikati ya wimbo gitaa likalia kama ndege za kivita, kama mabomu yanaanguka, kama ving'ora. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na aliyekuwa anapiga ni mtu aliyewahi kuvaa sare ya jeshi hilohilo. Hakuhitaji kusema neno.

Hapo tayari alikuwa ameongeza Uni-Vibe, kifaa kutoka Japani kinachofanya sauti izunguke kama maji. Usikilize wimbo wake Machine Gun, uliorekodiwa moja kwa moja ukumbini Fillmore East, New York, Januari 1, 1970, Billy Cox wa jeshini akiwa kwenye besi na Buddy Miles kwenye ngoma. Gitaa linapiga risasi, linapiga nduru, halafu linaomboleza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sauti yake bora kuliko zote.

Na sasa kumbuka ule mkataba wa dola 1. Chalpin alikuwa ameenda mahakamani. Ili kumaliza kesi hiyo nchini Marekani, Jimi alilazimika kutoa albamu nzima. Albamu hiyo, Band of Gypsys, ndiyo yenye Machine Gun. Sauti aliyoitafuta tangu uzi mmoja wa ukulele ilienda kulipa deni la sahihi aliyoitia akiwa na njaa.

Agosti 26, 1970, alifungua studio yake mwenyewe jijini New York, Electric Lady. Hatimaye mahali pake, bila kuhesabiwa saa na mtu. Hakupafaidi. Siku chache baadaye alikuwa Ulaya kwa maonyesho, amechoka na kukosa usingizi. Septemba 18, 1970, alifariki London baada ya kumeza dawa nyingi za usingizi na kupaliwa na matapishi yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 27.

Tangu ile siku alipotua London mpaka siku aliyofia humohumo, zilibaki siku 6 tu itimie miaka minne.

Alizikwa Renton, karibu na Seattle alikozaliwa.

Tukirudi kwa yule mbu wangu

Leo kiwanda cha Fender kimewahi kuuza Stratocaster za watu wa mkono wa kulia zenye kichwa kilichogeuzwa na pikapu ya nyuma iliyopinduliwa, ili zisikike kama lake. Yaani kasoro ya kijana maskini imekuwa bidhaa. Pedali za Fuzz Face zenye jina lake nazo zipo. Mtu akiwa na pesa anaweza kununua mnyororo wote, kutoka gitaa mpaka spika.

Na bado wengi hununua na sauti haiji.

Mimi nilirudi kwa laptopu yangu wikendi ya nne. Sikununua kitu. Nililegeza nyuzi nusu toni. Kwenye programu nikaweka fazi juu kabisa na amplifaya ya aina ya Marshall karibu mwisho, lakini nikapunguza ile treble niliyokuwa nimeijaza kwa ujinga. Kisha nikashusha kitufe cha sauti kwenye gitaa mpaka karibu 6. Mbu akanyamaza. Kikatoka kitu chenye kifua.

Halafu nikajaribu lile jambo ambalo halionekani kwenye orodha yoyote ya vifaa: kidole gumba. Jimi alikuwa na mikono mikubwa, na gumba lake lilipita juu ya shingo ya gitaa likashika noti za besi, vidole vinne vikibaki huru kupamba wimbo kwa juu. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika kama wawili. Hakuna programu ya hiyo. Gumba langu liliuma siku nne.

Sijafika. Sidhani nitafika, na si lazima. Mtu aliyezijua fidibeki zake kwa kupiga kila usiku nyuma ya watu wengine, bila kutambuliwa na bila shibe, hawezi kuigwa kwa wikendi nne.

Ila nimeacha kuhesabu nisivyo navyo. Gitaa langu la mtumba lina pikapu moja inayonguruma ukiligeuza kuelekea dirishani. Nilikuwa natafuta pesa za kumlipa fundi airekebishe. Sasa kwanza najifunza inanguruma kwa noti gani.